Punje ya Kahawa Kwenye Uji wa Krismasi

Jovina na Sadoki, siku ya kuniaga mlinibana mkitaka niwaachie siri za jiko la hosteli. Siri kubwa mmeshaijua: mlango wa oveni haufungi, ufungeni kwa waya. Zilizobaki naziandika hapa polepole, maana mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Niliacha shule darasa la tano. Mkikuta kosa, lichukulieni kama jiwe kwenye maharage: litemeni, mwendelee kula.

Watu wanadhani nilianza upishi hapo misheni. Nilianzia kwetu Kihanga, kwenye mafiga, kabla sijaota ndevu. Baba alitangulia, mama akafuata msimu wa kuchuma kahawa. Kabla hajaondoka aliniita kitandani, mimi mkubwa wao, akanionyesha wadogo zangu Alodia na Philbert waliokuwa wanagombea muwa mlangoni. Akasema, "Evodi, hawa wasile mbalimbali." Hakusema wasome, wala hakusema watajirike. Alisema hilo moja tu.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao. Shangazi wa Rugu alimtaka Alodia kwa sababu anajua kufua. Mjomba alimtaka Philbert akachunge mbuzi. Mimi hakuna aliyenitaka, sifa yangu ya kula ilikuwa imefika mbali. Nikasimama, nikasema, "Watakula kwangu."

Mjomba akacheka. "Utawapikia wewe? Mwanaume?"

"Mjomba, leo umekula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Zilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nimepika mimi."

Kikao kikaisha. Huo ndio usaili wa kwanza niliowahi kufanya, na niliufaulu kwa sababu mtahini alikuwa ameshiba.

Hosteli nilifika nikitafuta kibarua cha kupasua kuni. Wakati ule ilikuwa inalaza walimu, madaktari na mafundi wa maji kutoka nchi za mbali, na jiko lote lilikuwa chini ya Ta Petro. Ninyi mlimkuta ameshakuwa picha ukutani. Ta ni heshima yetu kwa mwanaume mzima, na yeye aliistahili kwa umri, ingawa si kwa tabia. Mfuko wa shati lake ulijaa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake kisha ikakaushwa, na kila aliyemsalimia alipewa punje. Hata askofu alipewa. Hata mbuzi wa jirani.

Siku yangu ya kwanza ndani ya jiko, Mama Inge, mwalimu wa Kidenmarki aliyekuwa anasimamia hosteli, aliweka keki kwenye oveni ya pipa, akaniambia kwa Kiswahili chake safi, "Evodi, keki ikipanda, itoe." Akaenda zake. Ndani ya pipa kulikuwa na vichanja viwili, keki kaiweka kwenye kile cha chini. Nikachuchumaa mbele yake kama paka mbele ya shimo la panya, nangoja ipande hadi kile cha juu. Moshi ulipoanza, Ta Petro alikuja mbio.

"Kijana, unafanya nini?"

"Nangoja ipande. Haijapanda."

Akachungulia vichanja. "Ulitaka ipande kwa ngazi?"

Keki ile aliila mbuzi wa jirani, baada ya kufikiria. Kwa hiyo nawaambia: mgeni akikupa agizo kwa Kiswahili kizuri sana, hapo ndipo uulize mara mbili. Anayekivunja huwa anaonyesha kwa mikono, utaelewa.

Sasa Krismasi. Mimi nilikua nikijua Krismasi ni wali, nyama, na shati jipya ambalo mdogo mtu atalivaa mwaka unaofuata. Sikujua kwamba kila nchi ina yake, na kwamba kila mmoja anaamini ya kwake ndiyo aliyokula Yosefu pale Bethlehemu. Mwaka wangu wa kwanza jikoni ulitukutanisha na vita. Mama Inge alitaka nguruwe wa kuoka jioni ya mkesha, kama kwao. Dokta Marek, tabibu kutoka Poland, alisema mkesha hauliwi nyama hata chembe. Kwao ni samaki na vyakula vingine hadi vitimie kumi na viwili, na mezani unaacha kiti kitupu kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Mama Inge akasema viti vyenyewe havitoshi. Dokta akasema hiyo si Krismasi, ni mnada wa nguruwe. Wakaacha kusalimiana. Ujumbe wao ulipitia kwangu: "Mwambie Daktari chumvi iko karibu naye."

Ta Petro akaamua meza iwe na mikoa miwili: upande huu nguruwe, upande ule sato, katikati mpaka wa maandazi. Mwisho ukafuata uji wa mchele wa maziwa, wa Kidenmarki, unaoliwa umepoa na rojo ya matunda damu juu yake. Ndani ya sufuria nzima huwa inafichwa lozi moja. Atakayeikuta kinywani anapata zawadi. Mama Inge alikuwa ameletewa lozi hiyo kwa barua kutoka kwao, akaiweka kwenye kisosi juu ya rafu.

Nilipokwenda kuichukua nikakuta kisosi kitupu.

"Ta, umeona mbegu iliyokuwa hapa?"

"Ile? Nimeila. Ina ladha ya dawa ya kikohozi."

Nikahisi kazi inaniponyoka. Nyumbani Alodia na Philbert walikuwa wananingojea niwaletee makombo ya sikukuu, na nguruwe yule alikuwa ameshanusika hadi bondeni. Nikamwambia Ta Petro tumekwisha. Akaingiza vidole mfukoni, akatoa kahawa moja na ganda lake, akaitumbukiza sufuriani, akakoroga. "Mbegu ni mbegu," akasema.

Ninyi mnajua kahawa, mmezaliwa chini yake. Tunda moja lina punje mbili zilizolaliana. Kwenye uji wa moto ganda liliachia, punje zikaachana, kila moja ikashika njia yake. Mezani Mama Inge akaacha kutafuna, akapiga kelele, "Nimepata!" Halafu akaitazama. "Hii si lozi." Upande wa pili wa mpaka Dokta Marek naye akatoa kitu mdomoni. "Na mimi ninayo."

Ta Petro alikuwa mlangoni na sinia. Aliliweka chini, akapiga makofi. "Mukago!"

Kulikuwa na Mchungaji mezani, Mnyambo wa hapahapa, akalazimika kutafsiri. Akaeleza kwamba zamani, watu wawili baki wakitaka kuwa ndugu, walichanjiana, wakagawana kahawa moja, kila mmoja akala nusu yake na tone la damu ya mwenzake. Huo ndio mukago. Ukishakula, huruhusiwi kumnunia mwenzako wala kumnyima anachoomba.

Dokta Marek alikuwa mtu wa vipimo. "Na damu iko wapi?"

"Daktari," Ta Petro akamjibu, "wewe umejikata na wembe asubuhi, na Mama amejichubua kwenye kikuna nazi. Mungu ameona."

Walicheka, kwanza Mama Inge, halafu Dokta. Mama Inge akasema, "Basi ndugu yangu, naomba ule kipande kimoja cha nguruwe." Dokta akaangalia nguruwe, akaangalia juu alikokaa Mungu. "Kesho asubuhi. Nitaanza naye kabla ya chai. Nami naomba mwakani kiti kitupu." Wote wawili walitimiza. Mimi nilijifunza jambo pale nikiwa nimeshika birika, nikaliweka akilini bila kujua nitalihitaji wapi.

Kiti kitupu kilileta mambo yake. Mwaka uliofuata alibisha hodi mfugaji mmoja anatafuta ndama aliyepotea. Dokta karibu alie kwa furaha, akamkalisha pale kwa nguvu. Yule bwana akamtazama sato aliyelala mzima na macho yake yote mawili.

"Sisi hawa wa majini hatuwali."

"Hata mkesha wa Krismasi?" Dokta akauliza.

"Kwani mkesha unambadilisha samaki?"

Tukampa uji wa mchele. Akaonja, akaweka kijiko chini kwa huzuni. "Maziwa haya yametiwa maji." Nilimtazama Ta Petro, Ta Petro akatazama dari. Ndama alipatikana asubuhi nyuma ya kanisa, na tangu hapo maziwa tuliyachukua kwa mfugaji yule yule, maana ukishaumbuliwa na mtu ni heri uwe mteja wake.

Miaka ilivyokwenda nilipika Krismasi za dunia bila kupanda basi lolote. Injinia Kenji, Mjapani wa pampu za maji, alituambia kwao Krismasi ni kuku wa kukaanga wa kununua, watu wanaweka oda mapema na kupanga foleni. Tulidhani anatutania. Alipoondoka tukasikia hivyohivyo kwa Mjapani mwingine, tukamwomba Kenji msamaha hewani. Nesi Aster kutoka Ethiopia alifunga nyama na maziwa siku zote za sikukuu yetu, akatuangalia tunavyotafuna, kisha mwezi wa kwanza sisi tukiwa tumebaki na mifupa, yeye ndipo akatangaza Krismasi yake, na mchuzi mwekundu wa kuku na mayai uliotutoa jasho hadi kwenye magoti. Mwalimu Tom, Mwingereza, alikuwa na keki nyeusi ya matunda makavu, nzito kama tofali, unaimwagia pombe kali na kuiwasha moto. Pombe kali ya dukani ilikuwa imekwisha. Nikaenda kwa mama mmoja bondeni, ambaye bidhaa zake hazina nembo. Moto wa buluu ulipopanda hadi karibu na pazia, Mchungaji alisimama akasema amina kabla ya sala. Hapo sasa niliona kitu kinapanda.

Siku hiyo hiyo Mwalimu Tom alituambia kwamba Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Akasema wapo wanaodhani tarehe ilifuata sherehe za Warumi za katikati ya baridi, jua linapoanza kurudi, na wapo wanaobisha. Mti ulitoka Ujerumani, pango la mifano ya Yosefu na ng'ombe lilienezwa na watawa wa Italia, kila mmoja kachomeka chake. Mimi nilikuwa nakaanga senene, wale panzi wetu wa msimu wa mvua.

"Kwa hiyo ni sikukuu ya baridi?" Ta Petro akauliza.

"Kwa kiasi fulani."

"Nasi tusio na theluji tunaingiaje?"

Nikadakia toka jikoni, "Ta, sisi tuna senene. Nao wanatoka juu, wanaanguka wakati huohuo, na watoto wanatoka nje mbio."

Mwalimu Tom alisema hajawahi kusikia hoja nzuri hivyo, akala bakuli zima. Hiyo ya pili sikuipenda. Senene wa Krismasi hawagawanywi ovyo.

Mama Inge alirudi kwao, Dokta akahamishwa, Ta Petro akafa na kahawa mfukoni. Desturi ya punje ikabaki. Wageni wapya wakiuliza, nilisema ni ya Denmark. Alipokuja Mdenmarki akishangaa, nilisema ni ya Karagwe. Nanyi fanyeni hivyohivyo. Mtu akija na vitabu, mpeni uji wa pili.

Lakini mimi sikustaafu nikiwa na furaha, na ninyi mliniona. Wadogo zangu walikuwa wanakula mbalimbali.

Walikua vizuri wote. Alodia aliolewa Nyakatuntu kwa Wakatoliki, akaanza kusema Noeli badala ya Krismasi. Philbert akahamia Rugu, akabaki Mlutheri mwenye sauti. Kila sikukuu walirudi kwangu Kihanga na watoto wao, tukala kwenye sinia moja. Hadi mwaka ule Philbert alipokuja mimi nikiwa kazini, akang'oa mibuni kwenye sehemu yake ya kibanja, shamba letu la nyumbani, ili apande parachichi. Ilikuwa ile mibuni ya mama, iliyokuwa nyuma ya jiko.

Alodia alipofika alisimama pale kwenye mashimo. "Umemng'oa mama."

"Nimeng'oa miti mizee, Dada. Ilikuwa haizai."

"Na wewe ukizeeka tukung'oe?"

Basi. Hakukuwa na kurushiana ngumi, ila tangu siku ile akiingia huyu, yule anatoka. Mimi nikawa nakula Krismasi mbili kama mgombea udiwani. Asubuhi Rugu kwa Philbert, halafu pikipiki hadi Nyakatuntu, nikila huku nikinyimwa habari za kule. Watu walisema nimenenepa kwa raha za misheni. Nilinenepa kwa ugomvi.

Mlipouliza kwa nini nastaafu kabla ya Desemba badala ya kungoja mwaka uishe, niliwajibu magoti. Magoti ni mazima. Nilitaka Krismasi moja.

Nikampigia Philbert. "Safari hii siji. Tumbo nalo limestaafu. Anayetaka kula nami aje."

"Na yeye atakuwepo?"

"Nani?"

"Kaka, unajua."

"Najua nitapika nini. Nani atakula, sijui."

Alodia nikamwambia hayohayo. Yeye akasema kwa heshima ya kwetu, "Waitu Kaka, nitakuja kukusalimia tu, sitakaa." Akaja na bakuli la senene alilolifunga kwa kitambaa, jambo ambalo mtu wa kusalimia tu halifanyi, akakaa karibu na mlango. Philbert akaja baada yake, akakaa kwenye kiti kinachotazama ukuta. Mke wangu Justa aliniambia jikoni, "Huyu anakula na ukuta, yule anakula na mlango. Hongera, mpishi wa kimataifa."

Nilipika ndizi na nyama, nikapika kila kitu cha kawaida, wakala kila mmoja na sahani yake. Alodia alikumbatia bakuli la senene, akawagawia watoto wote na Justa na mimi. Mkono wake ulipofika kwa Philbert ukaruka kama gari linalokwepa shimo. Yeye akajifanya hapendi senene, mtu ambaye utotoni alikuwa anaiba hadi mabawa.

Nikaleta uji wa mchele.

Hapa ndipo utaalamu. Ta Petro aliiachia punje itembee, naye Mungu akaamua. Mimi sikumwachia Mungu kazi ambayo naiweza. Niliichemsha kahawa pembeni, nikaitenganisha, nikaficha nusu kwenye bakuli hili na nusu kwenye bakuli lile, nikafunika na rojo. Mchague tunda lililonona. Yale madogo ya mviringo huwa na punje moja tu, haiachani, utabaki unaaibika.

Philbert alitafuna, akatoa kitu mdomoni, akasimama. Alodia alitafuna, akatema kiganjani. Wakatazama viganja vyao, halafu kwa mara ya kwanza baada ya miaka wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyetaka kuamini peke yake.

"Kaka," Philbert akasema, "hii si ile hadithi yako ya Mdenmarki?"

"Sijui. Uji huo una mambo yake."

Alodia hakucheka. Alikunja ngumi juu ya punje. "Waitu Kaka, umekosea. Ndugu wa tumbo moja hawali mukago. Mukago ni wa watu baki."

"Ndiyo maana nimewapa."

Niliyasema kwa utani, kama nisemavyo yote, lakini hayakuanguka kama utani. Justa aliacha kuosha sufuria. Philbert alibaki amesimama na ile punje, akitazama dirisha la nyuma ambako mibuni ilikuwa, na sasa kuna parachichi zilizodumaa.

"Zilikataa," akasema. "Udongo ule haukuzipenda." Akaiweka punje mdomoni, akameza. Alimeza kwa shida, kama kidonge.

Alodia alikuwa bado na yake. "Nikimeza, naomba chochote?"

"Chochote," nikasema. "Hawezi kukunyima. Sheria si yangu."

"Naomba mibuni irudi. Palepale."

"Miche nitaleta," Philbert akasema. "Mashimo uchimbe wewe, maana nasikia kila mwaka unasema yangu yalikuwa mabaya."

"Yalikuwa mabaya."

"Nimekusikia, Dada."

Alodia akameza. Hakuna aliyepiga makofi, Ta Petro hayupo. Nikaziondoa zile sahani zao bila kuuliza mtu, nikaleta sinia moja, nikamwaga ndizi zilizobaki, nikaliweka katikati. Philbert akageuza kiti kuelekea mezani. Akanyoosha mkono.

"Sasa na mimi naomba. Lete senene."

Alodia akalitazama bakuli, akanitazama mimi niliyemletea hasara hii. "Siruhusiwi kukunyima?"

"Huruhusiwi."

"Haya." Akachambua bakuli kwa vidole, bila haraka, akimchagulia mmoja mmoja wale ambao watoto walisahau kuwang'oa miguu.